Kibali cha Meza Moja

Fomu ya baladia ina mstari mmoja tu
wa Madhumuni ya Mchango,
mfupi kama kidole gumba.
Bibi yangu Shawana akaujaza kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili,
kama anavyoandika hesabu zake za sukari na hiliki:
*Kumrudisha mtoto wa watu kwao.*

Kijana wa dirisha namba tisa akasoma kwa sauti,
kila herufi mahali pake, makhraji safi,
wala hakuelewa kitu.
Akarudia. Akaigeuza karatasi,
labda maana iko upande wa pili.
Nikataka kumfasiria, bibi akanifinya paja.
"Mwache. Anasoma vizuri."

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya makabati,
sauti ya mtu anayetafuna:
"Mtoto wa watu gani huyo, mama?"
Akatokea mwanamke, kalamu kaichomeka kwenye ushungi,
Kiswahili chake cha jikoni kwa mamake,
kimechacha kidogo, lakini kinalika.

Tukaeleza. Rafiqul, mkata mitende.
Uti wa mgongo. Miezi mitatu kitandani,
na ndege haimchukui mtu aliyelala
mpaka alipiwe viti sita.
"Uhusiano na mnufaika?"
"Kanipandia mkomamanga."
Mwanamke akaandika: *jirani*.
"Alianguka wapi?"
"Hapo barabarani, juu ya ngazi,
akifunga taa za Idi. Hizo hizo zenu."
Kalamu ikasimama.
Kisha ikaendelea.

Siku kumi na tisa, mihuri mitatu,
na safari moja ya bure kwa sababu mwenye muhuri kaenda harusini Ibra.
Kibali kikasema:
meza moja, bustani ya Sib, alasiri hadi isha.
Sanduku la kufuli, ufunguo ubaki ofisini.
Pasiwe na kipaza sauti, wala picha ya mgonjwa,
wala kumwita mpita njia, wala kumfuata.
"Sasa tutaombaje?" bibi akauliza.
"Mtakaa."

Tukakaa.
Kibali tumekitia kwenye fremu ya babu;
babu mwenyewe yumo bado, nyuma ya mihuri.
Watu wakapita mbali, wakivuta watoto wao.
Meza yenye muhuri humtisha mtu.
Mmoja tu alisogea,
akauliza kama faini za maegesho zinalipwa hapa.

Magharibi ilipopita bibi akafungua deli.
Mandazi, yale ya tui.
Akayaweka mezani bila neno.
Yakaita.
Harufu haikutajwa kwenye kibali.

Akaja mkaguzi, kitambulisho kifuani.
"Chakula kina kibali chake."
"Hiki si cha kuuza. Cha wageni."
"Wageni gani?"
"Karibu."
Akatazama kushoto, akatazama kulia, akakisoma kibali kutoka juu mpaka chini,
babu akimtazama kwa ndani.
Akala moja amesimama, la pili amekaa.
Alipoondoka akakunja noti ndogo kama hirizi
akaisukuma kwa kidole ndani ya tundu,
na waliokuwa wakiangalia wakaona
kumbe si faini.

Wakaja. Mwalimu wa Kihindi na wanawe,
wauguzi wa zamu ya usiku,
vijana wa baiskeli waliotoa baisa tu, kwa fujo, wakala manne manne.
Mzee mmoja akatoa riali tano, akadai chenji.
Sanduku halifunguki, tukamwambia.
Akanuna. Akachukua andazi la njiani.

Wakahesabu wenyewe, ofisini, mbele yetu.
Viti vinne.
Viti vinne na robo, akasema mwanamke wa makabati,
kana kwamba robo ya kiti mtu huweza kulalia.

Bibi hakuketi hata kidogo.
Akaenda dirisha namba tisa, akaomba fomu nyingine,
akaujaza ule mstari maneno yale yale.
Kijana akaipokea.
Safari hii hakusoma kwa sauti.
Midomo tu ilicheza,
kisha akainua uso,
na kwa lafudhi ya mtu anayekanyaga mawe mtoni, akauliza:
"Mtoto wa watu... bado?"