Daftari la Petroli

Verlyn alirudi kutoka mnadani Jumamosi
na matairi manne nyuma ya pikapu,
meusi, yenye magego.
Akasema: inchi thelathini na tatu, Ardis,
kana kwamba ananitajia uzito wa mtoto mchanga.

Nikamwuliza bei. Akanionyesha matope yaliyoko uani.

Basi yakafungwa. Gari letu la mwaka sabini na nane,
rangi ya haradali iliyosahauliwa nje ya friji,
likasimama kama mzee aliyevalishwa mabuti ya askari.
Mimi na goti langu hili la kushoto
tukaanza kulipanda kwa msaada wa ndoo.

Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna daftari.
Miaka thelathini na mmoja nilipima ngano ya watu
katika ghala la nafaka pale relini,
na siwezi kukiacha kitu bila kukiandika:
tarehe, galoni, senti, maili.
Kumi na tano kwa galoni.
Kumi na tano na robo, siku upepo wa Montana
ulipokuwa na adabu ya kutusukuma mgongoni.
Kumi na nne, mwaka ule theluji ilipoanguka Mei.

Tangi la kwanza baada ya mabuti: kumi na moja.
La pili: kumi na moja kasoro.
Verlyn alisema ni petroli ya siku hizi,
halafu akasema ni baridi,
halafu akasema hesabu zangu zimezeeka.

Hapo alinikosea.

Alhamisi, siku yake ya kupimwa moyo,
nilikaa na penseli, macho dirishani.
Kutoka lango letu hadi mlango wa hospitali
ni maili sitini na sita. Nguzo ziko kando ya barabara,
hazijahama tangu serikali ilipozisimika.
Mita ya gari ikasema: hamsini na nane.

Maili nane zimekwenda wapi?
Barabara haikufupishwa; ng'ombe wa akina Tollef
walikuwa palepale, wamegeuza matako kwa upepo.

Nilielewa tulipofika daraja la reli.
Gurudumu kubwa hukanyaga mbali zaidi
kila linapozunguka,
na mita, maskini, kazi yake ni kuhesabu mizunguko.
Hakuna aliyeiambia kwamba mguu umerefuka.

Nikakokotoa upya juu ya paja:
kumi na mbili na nusu.
Kati ya maili nne nilizomshtakia,
moja na nusu hakuiba.

Mbili na nusu ni zake, hana pa kuzificha.
Ni uzito wa mpira mzito unaoanza kuviringika,
ni upepo unaopita chini ya tumbo lililoinuliwa,
ni injini inayopanda kilima cha kanisa
kwa gia ya tatu, inaguna
kama mtu anayevuta godoro ngazini.

Na sindano je? Ilikuwa imelala kwenye hamsini na tano,
naye anajisifu kwamba siku hizi anaendesha kama shemasi.
Sitini na mbili, Verlyn. Na ushee.

Muuguzi alisoma mapigo yake kwenye kioo, akaandika.
Nikatamani kumwuliza:
hicho chombo chenu, kilipimwa kwa gurudumu lipi?
Nikanyamaza. Hajanikosea yeye.

Tuliporudi nilipiga mstari daftarini,
nikaongeza safu ya tano, nyembamba,
isiyo na jina kwa sasa.
Verlyn akachungulia. Kwa hiyo si mwizi?
Mwizi, nikasema, ila si wa kiasi kile.
Akacheka mpaka akakohoa, akaegemea usukani.

Punguza mwendo, nikamwambia.
Akatazama sindano. Akatazama nguzo.
Akapunguza.