Debe la Mama Tusekile

Ngano hii imetoka Ilembo, kwa Mama Tusekile,
debe moja, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani,
na ujumbe kwa dereva: "Wakimaliza kuichezea,
wanirudishie debe langu."

Tukaichezea.
Tuliiparaza, tukapepeta, tukaokota viini,
vidogo kuliko kichwa cha kiberiti,
tukaviosha mpaka maji yakachoka kuwa meupe,
tukavitwanga juu ya barafu, tukavizungusha,
mashine ikinguruma kama lori la viazi linalopanda Mlima Nyoka.
Kilichobaki ni utomvu, rangi ya togwa iliyochujwa.
Humo hamna seli hata moja.
Ukiupanda hauoti.

Na bado unafanya kazi.
Uupe barua ya jeni, utaisoma herufi kwa herufi
na kufuma protini,
kama fundi aliyevunjiwa kiwanda
akabaki na vidole na mazoea.

Ila tuliyoiomba sisi ni protini ya utandoni,
mlango wenye kiuno cha mafuta,
unaochukia maji kama paka.
Mara ya kwanza ulijikunja, ukaganda,
mashapo meupe chini ya kichupa.
Mara ya nne vilevile.
Lugano akatukana kwa Kinyakyusa, akaomba radhi,
akaleta mafuta ya soya, tukayatikisa
mpaka yakawa viputo visivyoonekana:
kuta zisizo na nyumba.

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Jenereta kavu. Nikashika kichwa.
Nilisahau kwamba ni Julai, na hapa ni Uyole.
Kipimajoto ukutani: kumi na tano, palepale ngano inapopapenda.
Baridi ikashika zamu hadi alfajiri
wala haikudai posho.

Asubuhi, mstari mmoja wa buluu,
mwembamba, mahali pake.
Mlango umepata ukuta, umesimama.

Sijasema ni mlango wa nani.
Ni wa kutu. Kutu ileile
iliyokaa shambani kwa Mama Tusekile misimu miwili,
akavuna mabua na vumbi la rangi ya tofali
lililomganda kwenye kanga.
Ngano yake, imetwangwa, imekufa,
imemjengea adui mlango mezani petu
ili tulichungulie tundu la ufunguo.

Ataniuliza kama dawa imepatikana.
Haijapatikana.
Ngoja kwanza nilioshe debe.