Asilimia Moja

Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
Oulu imejikunyata ndani ya theluji.
Humu, chumba namba tatu, tumepandisha joto hadi thelathini na tano
na Veikko Lehtola, tarishi wa posta, miaka arobaini na sita,
anatembea juu ya mkanda bila kwenda popote.

Kazi yangu ni mizani, taulo na vikombe.
Alipoingia alikuwa kilo themanini na mbili na gramu mia moja,
amevua kila kitu ila aibu.
Sasa ni themanini na moja, gramu mia tatu.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga,
ila hawakufanya kazi na Daktari Saarelainen.
Kwake yanazoleka:
taulo hupimwa likiwa kavu, hupimwa likiwa limelowa,
soksi hupimwa,
hata tone la ncha ya pua lina safu yake kwenye jedwali.

"Una kiu?"
Nampa mstari wa sentimita kumi,
huku *sina kabisa*, kule *sivumilii*.
Anachora alama yake kwenye *sina*, karibu aitoboe karatasi.
"Miaka ishirini nabeba barua. Kiu naijua."

Nainua kikombe chake kwenye mwanga.
Asubuhi kilikuwa maji ya limau,
sasa ni chai ya rangi iliyosahauliwa mezani.
Lakini kikombe nacho huongopa.
Jana kijana Onni aligida lita nzima mlangoni ili anifurahishe,
mkojo ukang'aa kama chemchemi
huku damu yake ingali nzito.
Na Raakel, mmeza vitamini,
alitoa njano ya koti la mfanyakazi wa barabara
wala hakuwa amepungukiwa na kitu.

Nabana ngozi ya mkono: inarudi upesi.
Mtu mzima mwenye afya, ngozi yake haimchongei.
Ulimi unanong'ona.
Moyo unakiri, ukipumzika kidogo unakana.

Inabaki karatasi ya mwisho.
Toa saba kwenye mia tano, toa saba tena, endelea.
Asubuhi hakukosea hata mara moja.
Sasa amekosea mara nne,
na ya nne akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeileta saba duniani.
"Kalamu yenu mbovu," akasema.

Nikaandika: *hasira, sita.*
Kisha nikasahau kuandika saa.

Kiangazi cha miaka minne iliyopita, Kuusamo,
tulikuwa tunakusanya nyasi, mimi na dada yangu Hilkka,
chini ya jua lisilojua kwenda kulala.
Tulikuwa tumekula samaki wa chumvi.
Tulikuwa tumekunywa kahawa, kahawa tu, tangu alfajiri.
Saa tisa aliuliza ni nani hasa aliyemuuguza mama
nami nikamjibu
kwa neno ambalo sitaliandika hapa.

Hakuna aliyetupima siku ile.
Labda nusu ya neno lilikuwa chumvi.
Labda robo.
Labda lilikuwa langu lote, tangu zamani,
na glasi tatu za maji zingelichelewesha tu hadi jioni.

Veikko alirudishiwa gramu zake mia nane kwa jagi.
Baada ya nusu saa alikuwa anachekesha wauguzi,
na akivaa viatu vyake vya theluji akaniomba
nimpe ile kalamu mbovu,
wajukuu wake wanapenda kuchora.

Nimefika nyumbani. Kichwa kinagonga.
Tangu saa moja asubuhi nimepima vinywaji vya watu sita
na sikumbuki changu.
Kipimo changu msalani sitakitaja namba.

Nimekunywa glasi moja. Nimekunywa ya pili.
Mwongozo unataka nusu saa kabla ya kupima tena.
Simu iko mezani, uso chini.
Dakika ya kumi na moja.
Namba yake sikuwahi kuifuta.