Kabatini

Ulisema unataka chumba kisicho na mwangwi.
Nikakwambia, Famau, nyumba hii ni ya mawe,
hata kikohozi kikitoka huku kinakwenda na kurudi.
Ukazunguka ukipiga makofi kila pembe,
chooni, kwenye daka, nusu ya ngazi,
mpaka ukafungua kabati la baba yako.

Kanzu zake kumi na nne zilikuwa bado zimetundikwa.
Sikuwa nimempa mtu hata moja.
Ukaingia, ukajifungia,
ukapiga kofi. Halikurudi.

Humo ndimo zilimorekodiwa nyimbo zako tisa,
kipaza sauti kikining'inia kwenye henga ya koti lake la Idi,
taa ya simu ikimulika daftari gotini,
jasho, naftalini, udi wa mwaka juzi.
Mimi nje mkekani nashona kofia,
nasikia maneno matupu,
maana mdundo ulikuwa nao wewe masikioni.
Jirani Mwanakombo alidhani umerogwa:
kijana anagombana usiku kucha na nguo!
Nikamwambia una mtihani. Sikusema uongo.

Albamu, mimi naijua ile ya picha za arusi.
Hii yako nimeijua kwa kofia.
Kipaza sauti, kofia mbili.
Kwenda Mombasa na kurudi, moja, ile yenye kasoro pembeni.
Fundi wa studio kule Kisauni akataka tatu,
kisha akataka zaidi:
akataka mato yawe macho,
ndia iwe njia, yeo iwe leo,
ili wa bara, alisema, wakuelewe.
Ulinipigia saa sita ya usiku, sauti imekukauka.
"Mama, nibadilishe?"
Nilikuwa na sindano mdomoni.
Nilinyamaza kwa sababu ya sindano,
wewe ukadhani nimekujibu,
na mato yakabaki mato.

Wimbo wa nne una punda.
Mara sita ulirudia, na mara sita punda wa Bwana Obo
akalia palepale, kwenye neno "mwenyewe".
Mara ya saba ukamngoja,
ukamwachia mizani minane azijaze.
Wenzako wanasema hapo ndipo panapopendwa.

Wimbo wa saba sikuusikia.
Uliunong'ona.
Nilisogea mpaka mlangoni, uzi ukanifuata sakafuni,
nikasikia henga zikigongana tu.

Ilitoka Ijumaa. Binamu yako mwenye bando
akanionyesha idadi: arubaini na mmoja wamesikiliza.
Nikawahesabu kwa majina,
hawa wa Langoni, wale wa Wiyoni, shangazi yako mara mbili,
nikafika kumi na tisa.
Hao wengine ishirini na wawili ni watoto wa nani?
Usiku ule niliwaza juu yao kama wageni
waliokuja nyumbani nami sijapika.

Jana asubuhi kijana mbeba mchanga akapita chini ya dirisha,
spika ndogo ameifunga kwenye shogi la punda.
Sauti yako ikaja kutoka nje.
Nimezoea itoke kabatini;
nikageuka kwanza nikatazama kabati.
Ulikuwa wimbo wa saba.

*Kanzu zimetundikwa, hapana shingo ndani,*
*nimevaa kimya chake, chanipwaya mabegani.*

Kisha punda akakata kona ya msikiti,
na yaliyobaki akenda nayo.

Nikashika sindano, nikaiweka.
Nikahesabu kwa vidole, kama tulivyofunzwa chuoni,
nikarudia, nisije nikamdhulumu mtu.

Uliporudi na mkate wa mofa nilikwambia,
"Mstari wa kwanza umepungua. Saba kwa saba."
Ukasema, "Najua."
Ukaumega mkate, ukanipa upande wenye ukoko.