Pima

Fomu yetu ina maswali kumi na manne.
La tatu: *Je, ulisahau kwamba muda unapita?*
La tisa: *Je, mikono ilikwenda bila kuamrishwa?*
Moja ni hapana kabisa. Saba ni naam, kabisa.
Bwana Kasai huzitia duara saba zote kumi na nne,
kwa adabu, kwa kalamu inayotetemeka,
kisha huniinamishia kichwa
kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Ni Februari, Hirosaki. Theluji imefika kwenye vioo vya chini,
chumba cha tiba kina mwanga wa maziwa.
Tulimpa karatasi za kukunja: akakunja korongo
ambaye hata yeye mwenyewe alimwonea huruma.
Tukampa vigingi vya mbao, vyekundu kwa vyekundu.
Alivipanga huku akitazama mlango.
Saba, akaandika. Saba, saba, saba.

Daktari Tsushima anataka takwimu kabla ya Ijumaa.
Kuzama, asema, lazima kupimike:
kisichopimwa hakilipiwi bima.
Basi nina saa shingoni, nina ubao wa kuandikia,
nakaa kando ya watu kama mtu aliyetumwa, kamba mkononi,
akahesabu pima za kisima,
naye afikapo hutupa jiwe
na kuyatibua maji aliyokuja kuyapima.
Maana ukimuuliza mtu, umezama?
huyo tayari ameibuka.

Jumatano Bi Soma aliondoka mapema
(binti yake alikuja na gari, barabara zilikuwa zinafungwa)
akaacha sufu yake mezani, ya rangi ya haradali,
imejisokota fundo la aibu; paka asingeliweza zaidi.
Hakuna aliyempangia Bwana Kasai fundo lile.
Halikuwamo kwenye ratiba.
Nilimwekea chai, nikaenda kutafuta vigingi.

Niliporudi alikuwa ameinama.
Mkono wa kushoto ulishika uzi, ukauvuta kidogo,
ukaungoja ule wa kulia,
ule ambao tangu Oktoba hulala pajani
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.
Ukaja. Kidole gumba, halafu cha shahada.
Miaka arobaini na mmoja alifunga vifuko kwenye matufaha mtini,
tufaha moja moja, kila Juni,
akavifungua kila Septemba ili jua liyapake rangi.
Hayo niliambiwa na mkewe; yeye hajayasema.
Ncha ya ulimi ilitokeza pembeni mwa mdomo.
Mate kidogo. Hakuyafuta.

Sikubonyeza saa.
Au niliibonyeza nikasahau; baadaye ilisoma sifuri.
Theluji iliporomoka kutoka paani, kishindo,
sote tukageuka,
yeye la.

Fundo lilipofunguka hakushangilia. Alitafuta jingine.
Hapo ndipo aliponiona, mimi na fomu yangu,
akanyoosha mkono kuomba kalamu, tayari kwa saba zake.
Nikamwambia, leo hakuna haja.
Akanikazia macho, ameudhika,
mtu aliyenyimwa zamu yake ya adabu.

Niligusa kikombe. Kilijaa pomoni,
baridi kama kitasa cha mlango wa nje,
majani ya chai yametua chini, yamelala.
Pembeni mwa fomu, mahali pasipo na swali, nikaandika:
*Chai: haijaguswa. Imepoa hadi chini.*
Daktari Tsushima atauliza hiyo ni alama ngapi.
Sijui.
Kesho nitamwomba Bi Soma ruhusa
ya kumvurugia tena sufu yake.