Robota Moja, At-Bashi

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, sokoni At-Bashi:
robota la nyasi kavu, som mia tatu na kumi.
Juma lililopita, mia mbili na sabini.
Shemeji kapiga simu toka Talas: huko mia mbili,
lakini dizeli ya kuvuka milima miwili
inakula tofauti yote, chenji haibaki.

Mwaka huu theluji ilichelewa, ikaondoka mapema.
Mfereji ulikauka Juni, kabla lusini haijachanua;
tulikata mara moja pale tulipozoea mara mbili,
na mashine ya Jumabek ya kufunga marobota
ilipita shambani kama mgeni asiyepewa kiti.

"Ngoja kwanza," nikamwambia muuzaji.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko katikati ya robota,
nikanusa: vumbi, mbigili, unyevu kidogo,
si harufu ile ya kijani, tamu, ya lusini iliyokaukia kivulini.
"Mama," akasema, "Januari utazinusa hizi hizi, na utashukuru."

Hakudanganya. Ndiyo maana nilikasirika.

Nikahesabu kwa vidole ndani ya glavu:
ng'ombe wawili, mtamba mmoja, siku mia na themanini.
Hesabu ikakataa. Nikairudia, ikakataa tena.

Basi mtamba wetu, Kashka mwenye baka jeupe usoni,
amegeuka marobota themanini na matatu.
Wakampandisha kwenye lori lile lile lililoleta nyasi.
Lilipoondoka nilimwona,
kichwa chini, anatafuna masalia ya sakafuni,
bila bei.