Mwamini

Kazi yangu, kama ilivyoandikwa kwenye mkataba,
ni kusimama.
Si kupima, si kushauri:
kusimama upande wa ndani wa pazia,
mgonjwa anione, nami nimwone,
daktari ajue tunaonana.

Kifuani beji, na kwenye beji jina: MWAMINI.
Hapa Hull wanalikata vipande, Ma-wa-mi-ni,
hawajui kwamba kila wakiniita
wanatoa amri.

Mafunzo yalikuwa siku moja,
ukuta wa rangi ya uji, biskuti kwenye sahani ya karatasi.
Mwalimu alisema: usigeuze uso.
Akasema: ukitumwa nje, kataa kwa adabu.
Niliandika "kwa adabu", nikapiga mstari,
maana adabu niliyotoka nayo Uvira
ilikuwa mkubwa akisema lete, unaleta.

Jumanne ya Februari, mvua inapiga ubavuni kutoka mto Humber.
Bi. Maureen Thackray, aliyekata minofu ya samaki miaka thelathini,
amelala kitandani na soksi zake miguuni.
Daktari Winterby alijua majina ya wajukuu wa kila mtu.
Akasema, bila kunitazama,
"Glavu zimekwisha. Kalete boksi."
Boksi lilikuwa rafuni, nyuma ya kiwiko chake.
La buluu. Limejaa.
Mwenye macho haambiwi tazama;
mimi niliambiwa toka,
nikatoka.

Dakika nne.
Niliporudi, soksi moja ilikuwa sakafuni
na Bi. Maureen anahesabu vitundu vya dari,
midomo inacheza, sauti haipo.

Mficha uchi hazai, walitufunza wakunga.
Ni kweli, ndiyo maana tunavua.
Lakini methali iliishia mlangoni;
haikusema uchi ukishafunuliwa
nani anakesha.

Nilinyamaza siku kumi na moja.
Huenda ndivyo wanavyopima huku.
Kisha nikawaza vibali vyangu, kodi, watoto.
Kisha: mimi ni nani?
Siku ya kumi na mbili nilimkuta kituo cha basi,
kando ya kibanda cha simu cha rangi ya maziwa
(hapa si vyekundu, mji huu una kiburi chake).
Hakunisalimia. Alisema tu,
"Ulikuwepo. Halafu hukuwepo."

Fomu ina kurasa sita.
Meneja aliniuliza kama nina hakika,
akanipa chai, akaniuliza tena.
Ndipo droo ikafunguliwa: barua tatu,
wanawake watatu, miaka mitatu tofauti,
na juu ya kila moja, kwa mwandiko mzuri,
"Kutoelewana. Imefungwa."

Baraza lilikaa Manchester, chumba kisicho na dirisha.
Wakili wake alikuwa mpole mno.
"Kwa hiyo wewe, binafsi, hukuona kitu?"
Niliona boksi.
"Boksi la glavu?"
Lililojaa. Nyuma ya mkono wake.
Kalamu zote zikainama kwa pamoja.

Jina lake limefutwa daftarini.
Bi. Maureen hajarudi kumalizia vipimo.
Nimempigia mara mbili; mara ya pili alipokea,
tukazungumza habari za paka wake,
nikamwambia nipo Jumatatu na Alhamisi,
nitasimama mimi.
Akasema ataona.

Leo daktari mgeni, kijana, kasahau kipimajoto.
"Samahani, unaweza kuniletea?"
Magoti yangu yalishaanza kwenda.
Nikayarudisha.
"Kalete mwenyewe, daktari. Tutakusubiri."
Alisimama kidogo, masikio yakawa mekundu,
akatoka, akavuta pazia vizuri.

Tukabaki wawili na mvua.
Msichana aliye kitandani akavuta shuka hadi kidevuni,
akanisoma kifuani, akajaribu,
"Mwa... Mwa..."

Nikamsogelea,
nikamsaidia kulitamka.